Anayemdai Marehemu

Mara ya kwanza kukatizwa hadharani nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, nasoma mapato na matumizi ya uji wa watoto. Mzee mmoja akaguna kutoka nyuma, "Hesabu gani hizo!" Nikamjibu kwa hasira, "Kama unajua zaidi, njoo uongee wewe." Akaja. Aliongea dakika 40, na kikao kilipofungwa yeye ndiye alikuwa mwenyekiti. Mpaka leo tukikutana dukani huniuliza kama sukari ya uji imeonekana.

Kwa hiyo baba mkubwa alipofariki kule Kisarawe, nikaambiwa mimi ndiye msemaji wa familia, nilijiandaa. Niliandika maneno yangu karatasini, nikayasoma mbele ya kioo cha kabati hadi mke wangu akauliza kama msiba ni wa baba mkubwa au wangu. Nilichosahau ni kwamba sisi ni Wazaramo, na Wazaramo tuna watani.

Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani kwa miguu, wakipita kwetu kwenda Bagamoyo. Njia ile, ukiianzia Ujiji, ni kilomita zipatazo 1,200. Mtu aliyetembea hivyo na mzigo begani, ama utagombana naye, ama utataniana naye. Wazee wetu wakachagua utani, gharama wakatuachia sisi. Msibani mtani hatakiwi kuwa na adabu. Ataigiza mwendo wa marehemu, atalificha jembe, atashuka kaburini alale humo mpaka apewe chochote. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Nilianza vizuri. Nilishukuru majirani, nikatangaza saa ya maziko, nikafika pale panaposemwa kila msiba: "Yeyote anayemdai marehemu, aje kwa familia."

"Mimi hapa!"

Mzee mfupi, Mnyamwezi, kanzu kaivaa nyuma mbele, shingoni katundika kandambili za marehemu kama medali.

"Unadai nini, mzee?" Hapo ndipo nilipopotea. Msemaji mwenye akili angeendelea kusoma.

"Babu yangu alitoka Tabora na pembe begani. Alipofika hapa akaomba maji, babu yenu akampa ya kunywesha ng'ombe. Tumbo linauma mpaka leo."

"Tumbo la nani?"

"La ukoo!"

Hata shangazi, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, alijifunika khanga mabega yakimtikisika, na safari hii hakuwa analia.

Nikajaribu ukali. "Mzee, tuna ratiba. Saa kumi tunazika."

"Nani ana haraka? Marehemu?"

Nikajaribu sheria: deni lisilo na maandishi hatulitambui. Akaligeukia jeneza. "Bwana, umemsikia mwanao? Ndiyo maana hukutaka kumwachia shamba." Suala la shamba, kwa bahati mbaya, lilikuwa na ukweli wake. Mjomba mmoja akakohoa.

Kisha akadai na riba. Shehe akaingilia kwa upole, akasema riba ni haramu.

"Mmesikia wenyewe!" mtani akapaza sauti. "Riba shehe ameikataa. Deni hajalikataa."

Shangazi akanivuta shati. "Mpe elfu mbili, mwanangu, jua litatuzamia." Mfukoni nilikuwa na noti moja tu, ya 10,000. Nikampa, na mbele ya halaiki yote, kwenye kipaza sauti, nikamwomba chenji.

"Chenji nitakuletea siku yako," akasema, akaikunja noti vizuri, akawa wa kwanza kulitia jeneza begani.

Siku ya arobaini nilipewa tena kipaza sauti. Nilikwenda na noti za elfu moja moja, kumi kamili. Yeye alikuja na daftari. Deni lote lilikuwa limeandikwa, maji, tumbo na Tabora, na chini yake sahihi ya shahidi. Niliitambua: ya shangazi.