Naomba Leseni ya Kinu kwa Mpwa Wangu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya,
Nairobi.

KUH: OMBI LA LESENI YA KUENDESHA KINU CHA NYUKLIA

Mheshimiwa,

Mwaka 2024 wenzetu wa Uyombo, hapa Kilifi, waliandamana kukataa kinu kisijengwe kwao, na sasa twasikia macho yameelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mimi sina kinyongo. Kinu kikienda Siaya, kazi ni za taifa zima, ndiyo maana naandika mapema. Nina mpwa wangu ambaye angefaa sana kuketi katika chumba cha udhibiti, na ningependa leseni yake ianze kushughulikiwa kabla wenye majina makubwa hawajapanga foleni.

Najua wanaokipigia debe kinu ni wakala mwingine, na kwamba sheria za mwaka 2019 ziliwaweka nyinyi na wao katika nyumba mbili tofauti. Natumaini hata jikoni ni mbalimbali.

Sifa za kijana ni hizi. Ni mtiifu kupita kiasi: akiambiwa kaa, anakaa. Vyeti anavyo, na ni vya kweli. Nalisisitiza hilo kwa sababu Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa zaidi ya watumishi 2,000 wamekutwa na vyeti vya kughushi, na sitaki achanganywe nao. Tena ana leseni ya udereva, aliyoipata kwa ile njia tunayoijua sote. Alisimamishwa mbele ya ubao uliochorwa barabara na mizunguko, akapewa kigari cha plastiki kisichozidi kiberiti, akakisukuma kwa kidole huku akitaja leni anayopita. Baadaye akaendesha gari lenyewe hatua chache, akaambiwa ashuke. Mengine yalimalizwa na mwalimu wa chuo chake, chuo ambacho sitakitaja, aliyekuwa amepita asubuhi ile akikusanya kutoka kwa kila mwanafunzi pesa "ya kuwasalimia wakubwa".

Ningefurahi kama na kwenu utaratibu ungekuwa huo. Kwa bahati mbaya nimesomasoma kidogo, na niliyoyasoma yamenikosesha usingizi.

Kule Marekani mwendeshaji hujibu maswali 75 ya kuandika, na akikosa asilimia 80 ameanguka. Anayetaka kuwa msimamizi huongezewa 25. Kisha huingizwa katika simuleta. Hapo nilipata moyo kidogo: kumbe hata wao wana vitu vya mfano! Lakini kigari chao, mheshimiwa, ni chumba kizima kilichojengwa sawasawa na chumba cha kinu chenyewe, swichi kwa swichi, taa kwa taa. Wakaguzi husimama nyuma ya mtahiniwa na madaftari yao huku mambo yakiharibiwa makusudi, wamwone atashika nini kwanza.

Akifaulu, leseni ni ya kinu kile tu. Inadumu miaka 6, na ndani ya miaka hiyo kuna mtihani wa vitendo kila mwaka, wa kuandika kila baada ya miaka 2, na daktari vilevile. Asiyefanya angalau zamu saba za saa nane, au tano za saa kumi na mbili, katika kila robo ya mwaka, leseni yake hulala mpaka aangaliwe upya. Sasa mtu wetu atakwenda saa ngapi mazishini? Na semina za Naivasha atamwachia nani?

Ukali huo wameupata kwa gharama. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilifunguka ili kupunguza presha, kama ilivyopaswa, kisha ikakwama wazi. Kwenye paneli taa yake ikazimika, nao waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Taa ile haikuwa ikionyesha vali ilivyo. Ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa. (Hapa kwetu taa ya namna hiyo huitwa ripoti ya maendeleo ya mradi.) Maji ya kupoza yakawa yanatoka, ving'ora zaidi ya mia vinalia kwa pamoja, na wao wakapunguza maji ya dharura ambayo mitambo ilikuwa imeyafungulia yenyewe. Haukuwa uzembe. Walikuwa wamefundishwa kuogopa tangi la kudhibiti presha lisije likafurika, na kipimo chake kilikuwa kinapanda. Walifanya walichofundishwa, na karibu nusu ya kiini ikayeyuka. Tume ya kuichunguza ajali hiyo, iliyoongozwa na John Kemeny, ilikuta kwamba simuleta waliyofanyia mazoezi haikuwa imewekewa ajali ya aina hiyo, ingawa vali kama ile ilishawahi kukwama mwaka 1977 katika kinu cha Davis-Besse, Ohio. Habari zilikuwepo, ila hazikuwafikia waliokaa mbele ya paneli.

Kwa hiyo ule utiifu wa mpwa wangu, nilioutanguliza katika sifa zake, naomba muusome tena taratibu. Chernobyl nayo, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, jaribio lililocheleweshwa liliangukia mikononi mwa zamu ya usiku ambayo haikuandaliwa, na aliyekalia usukani wa kinu, Leonid Toptunov, alikuwa na umri wa miaka 25 na uzoefu wa miezi tu. Naye alikuwa msikivu.

Kuna somo moja ambalo vijana wetu hawatahitaji mwalimu: stima kupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kinu kilichotajwa katika mipango ni cha megawati 1,000, katika nchi ambayo matumizi yake ya juu kabisa mapema 2025 yalikuwa kama megawati 2,300. Kikizimika ghafla, gridi hupiga magoti; gridi ikipiga magoti, kinu nacho hukosa umeme wa nje wa kusukumia maji. Na kinu kilichozimwa hakipoi kama jiko la gesi. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki na asilimia 6 au 7 ya joto lake, nalo joto ni kubwa kuliko umeme kinaotoa, kwa hiyo kwa kinu cha ukubwa huo ni takriban megawati 200 zinazotaka kupozwa papo hapo, jenereta iwake isiwake. Kusema "tunaomba radhi kwa usumbufu" hakupunguzi hata megawati moja.

Mtaniambia vijana wameshapelekwa Korea Kusini kusomea shahada za uzamili. Heko kwao, lakini shahada si leseni. Mipango iliyotangazwa ilitaja ujenzi kuanza 2027 na umeme kupatikana 2034, nasi hatujachagua hata aina ya kinu, sembuse simuleta yake. Mpwa wangu atafanyia mazoezi wapi? Kwenye ubao?

Yatazameni yaliyotokea Barakah, kule Falme za Kiarabu. Machi 2018 ujenzi wa kinu cha kwanza ulitangazwa kukamilika, rais wa Korea Kusini akiwa mgeni kwenye sherehe. Wenye mafuta yao, wenye haraka na wenye fedha. Miezi miwili baadaye ikatangazwa kwamba fueli haitaingia kwanza, mpaka waendeshaji wakamilishe mafunzo na mdhibiti aridhike. Leseni za kwanza za waendeshaji zilitolewa Julai 2019, na kinu kikawashwa Agosti 2020. Mabilioni ya dola yalikaa kimya yakiwangoja watu. Marekani ndiko walikochupa mipaka kabisa: mwaka 1987 mdhibiti alikifunga kituo cha Peach Bottom kizima kwa sababu waendeshaji walikutwa wakisinzia zamuni.

Sasa jichoreeni picha, mheshimiwa. Kinu kimekamilika, utepe umenunuliwa, uchaguzi uko mlangoni, mkopo unaanza kulipwa, na mezani kwenu kuna karatasi ya kijana aliyepata asilimia 79, mpwa wa mtu. Simu inaita. Si mimi ninayepiga. Mimi sina namba yenu.

Basi nabadilisha ombi langu. Mpwa wangu apewe mtihani kama wengine, na akipata 79 mwangusheni. Barua ya kumwangusha, yenye mhuri na sahihi, naomba mnitumie nakala nikawaonyeshe watu wa Uyombo. Hawataamini kwa maneno.

Wako mtiifu (kwa kiasi),

Mjomba Mtu, Kilifi.

Nakala kwa: Mheshimiwa Mbunge, kwa taarifa yake tu, asipige simu.