Muulize Babu Waya: Swichi ya Betri Inasingiziwa

Wiki hii mfuko wa barua unanuka asidi. Kila mtu analalamikia swichi ya kukata betri. Nimechagua tatu.

Babu Waya, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109. Usiku nazima swichi ya betri. Asubuhi nikiirudisha na kupiga stata, inalia "tik", halafu kimya. Taa zinawaka kama kawaida. Fundi wa kwanza kaniuzia betri mpya, wa pili stata, wa tatu anasema gari limerogwa. Nimwone mganga?
*Mrithi, Kapalamsenga*

Marahaba, mjukuu wangu. Mganga mwache apumzike, na huyo fundi wa tatu apumzike naye.

Taa zinaomba ampea chache, stata inaomba mia na ushee kwa mkupuo. Kiungo chenye kutu kitapitisha hizo chache bila shida, lakini ukikidai mia kinagoma. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba njia ni nzima.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, mwambie kijana apige stata sekunde tano. Gusa swichi na vichwa vya nyaya zake kwa mgongo wa kidole, taratibu. Penye joto ndipo alipo mwizi. Kama huna imani na kidole, chukua mita, iweke kwenye volti, shikiza ncha moja kwenye bolti moja ya swichi na ya pili kwenye bolti nyingine, kisha stata ipigwe tena. Swichi nzima husoma chini ya volti 0.2. Ukiona volti 1 au 2, hizo zimeliwa njiani, stata haikuzionja.

Usikimbilie dukani. Tenganisha betri, fungua nati, sugua vichwa vya nyaya kwa msasa mpaka shaba ing'ae. Mkoa wenu wa Katavi una machimbo ya shaba, rangi yake hamhitaji kufundishwa. Kaza sawasawa. Fanya hivyohivyo pale waya wa athi unapofungwa kwenye chesesi, maana vumbi la kiangazi na tope la masika huishi hapo. Swichi ikiendelea kuchemka, midomo yake ya ndani imeungua na haina dawa. Nunua nyingine, lakini soma mgongoni: kuna ampea za kudumu na ampea za mkupuo. Isiyoandikwa kitu, mrudishie mwenye duka.

Na jambo la mwisho kabla hujashika spana. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye chesesi, si hasi. Angalia la kwako lilivyofungwa, usiige la jirani.

Shikamoo Babu. Mimi ni dereva wa njia ya Mpanda hadi Karema. Huwa nazima swichi ya betri injini ikiwa inanguruma, abiria wanashangaa gari halizimi. Sasa taa ya chaji haizimiki. Swichi imekufa?
*Mtaalamu, Mpanda mjini*

Marahaba, Mtaalamu. Swichi haijambo, ninayemlilia ni alternata. Injini ikiwa inazunguka, alternata ndiyo inayolisha gari. Na dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika haina hata haja ya umeme ili iendelee kuzunguka. Ukiikatia alternata betri ghafla, volti zinaruka juu na dayodi zinaungua. Mpelekee fundi umeme akazipime. Kuanzia leo, injini izimwe kwanza, swichi ifuate. Abiria uwashangaze kwa kufika salama.

Babu, mume wangu kila usiku anatoka, eti anakwenda kuzima swichi, la sivyo betri inaliwa. Anakaa saa nzima. Ni kweli betri inaliwa?
*Nisiyelala, Karema*

Pole, mama. Betri kuliwa ni jambo la kweli. Betri ya ampea-saa 70 ikivujishwa ampea 1 tu, siku ya tatu imelala. Lakini swichi hailitibu hilo, inaficha ugonjwa tu. Mwambie azime kila kitu, afungue waya wa hasi, aweke mita ya ampea kati ya waya na betri. Asiguse stata wakati huo, mita itaungua. Gari kuukuu lisilo na redio wala saa linapaswa kusoma sifuri. Likisoma zaidi, achomoe fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke. Fyuzi zote zikiisha na namba haijaanguka, afungue waya wa alternata. Dayodi mbovu hula usiku kucha.

Kama mnachaji kwa sola, hakikisha nyaya za kidhibiti chake zinafika kwenye betri moja kwa moja. Zikifungwa upande wa gari, swichi ikizimwa sola haichaji kitu.

Kuzima swichi ni kazi ya sekunde mbili. Mita ikisoma sifuri na bwana bado anatoka saa nzima, barua yako ipelekwe kwa Shangazi, ukurasa wa 2.

Kwenu nyote: mita ndogo ni nafuu kuliko betri mpya. Anayeniandikia wiki ijayo aanze na namba aliyoisoma, manung'uniko yafuate.