Muulize Mshauri: Wazee, Gofu na Pakiti za Unga

*Mheshimiwa Mshauri, wastaafu wenzangu wamenichagua niandae siku yetu ya gofu, timu kwa timu, katika uwanja wa Golf Park ulio ndani ya Ngong Racecourse. Tu wazee kumi na sita. Mmoja hushinda kila mara huku akiapa kwamba hajui kucheza, mmoja hutafuta mpira wake mpaka wenzake wakae chini, na wawili hawasalimiani. Niwagawe vipi? – Mnadhimu Aumwaye Kichwa, Kileleshwa*

Ewe Mnadhimu, barua yako ilinifikia asubuhi, nami ndiyo kwanza nimemaliza kuwapatanisha ndugu watatu wa Dagoretti waliokuwa wakigombea ng'ombe mmoja, shauri ambalo mahakama ingelichukulia miaka na mimi nalilimaliza kwa vikombe viwili vya chai. Kwa hiyo ulimi wangu ulikuwa katika hali ya ufasaha, na ningalikujibu papo hapo lau si kwamba mtu wa hadhi yangu hajibu barua kabla ya adhuhuri.

Nikuondolee kwanza shaka juu ya maarifa yangu. Sijapata kushika fimbo ya gofu, wala sina azma ya kuishika, kama vile kadhi hodari asivyohitaji kuiba ili apate kumhukumu mwizi. Hata hivyo, mwaka 1978, Mhispania Severiano Ballesteros aliposhinda Kenya Open, mimi nalikuwa katika jiji hili hili la Nairobi, nikinunua vitunguu katika soko la Wakulima, na mpaka leo hajatokea mtu wa kunieleza kwa nini ushindi ule haukutukia katika mojawapo ya miaka niliyokuwa nikiishi Mombasa.

Uwanja umeuchagua kwa busara, ingawa ilikupasa kunishauri kwanza. Viko vya fahari zaidi, sikatai: iko Royal Nairobi, klabu iliyoanzishwa mwaka 1906 na kupewa jina lake la kifalme mwaka 1935, iko Karen ya mwaka 1937, na iko Muthaiga, ambayo siku nyingine nitakusimulia nilivyopita mbele ya lango lake nikiwa nimevaa kanzu mpya. Lakini huko uanachama huombwa ukasubiriwa, na katika enzi ya ukoloni Mwafrika aliyeonekana uwanjani aghalabu alikuwa na mkoba wa mtu mwingine begani. Ngong Racecourse humpokea yeyote alipaye ada ya siku, na njia ya kufika ni nyepesi, kwani matatu za 111 huondoka Railways zikafuata barabara ya Ngong. Ila utingo akiuona mkoba wenye fimbo kumi na nne, ambayo ndiyo idadi ya juu iruhusiwayo na sheria, atautoza nauli ya mtu mzima, nawe ulipe bila kubishana, maana mkoba huo utakalia kiti. Jumapili ya mbio za farasi msithubutu kwenda.

Na hapo kwenye farasi ndipo fikra zangu zilipopaa. Katika mbio zilizo nyingi, farasi aliye bora hutiwa vipande vya risasi kwenye tandiko ili aelemewe, na mnyonge naye apate kufika. Nanyi katika gofu hamumwelemezi hodari bali mnampunguzia dhaifu mipigo, mkaiita hesabu hiyo handikapu. Insafu ni ile ile, njia ndizo mbili. Na maadam uwanja wenu umezungukwa na njia ya farasi, sioni sababu ya kuidharau sheria ya wenye nyumba. Basi ingia katika duka lolote la Lavington ukanunue pakiti za unga wa mahindi za kilo mbili mbili, na kwa kila ushindi alioupata huyo bwana asiyejua kucheza tangu mwaka uanze, umtilie pakiti moja katika mkoba wake, na kedi, yaani mbeba mikoba, asimbebee. Kabla ya shimo la tano atakuwa amekumbuka namna ya kushindwa. Na akishinda licha ya hayo, unga usongwe ugali wa mchana, uliwe na nyama choma, ili walioshindwa nao waonje jasho la mshindi. Usiniandikie tena kuniambia kwamba wazee wana migongo. Migongo ya wazee naifahamu vema, ninao mmoja. Makedi wao walipeni ujira wao taslimu kabla ya chai, kwa kuwa wanaijua miteremko ya kila grini kuliko nyinyi, na wachezaji wa kulipwa wengi wa nchi hii walianza kwa kubeba mikoba ya watu.

Ama yule mtafutaji, sheria ilikwisha kumhukumu: tangu mwaka 2019 mpira uliopotea hutafutwa kwa dakika tatu, si tano kama zamani. Lakini nani atazihesabu, ilhali kila mzee ana saa yake na kila saa ina rai yake? Nalikusudia kukushauri mfuatane na jiko la mkaa na sufuria, na kila mpira unapopotea mtie yai katika maji yanayochemka, likiiva kidogo, muda umekwisha. Hikima hii naliijaribu mwenyewe Mombasa, ikafaulu. Lakini Nairobi iko mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo yai litachelewa na mtafutaji atazidi kuneemeka. Hewa hiyo hiyo ndiyo iupelekayo mpira mbali kuliko unavyokwenda pwani, nanyi wazee huuita umbali huo nguvu zenu. Tumieni saa ya kedi.

Wale wasiosalimiana uwatie timu moja, tena wapige mpira mmoja kwa zamu, mtindo ambao sheria inaukubali. Kila mmoja ataukuta mpira mahali mwenzake alipouharibia, na hapo hawatakuwa na budi kuzungumza. Yakitoka matusi badala ya salamu, nayo pia ni mazungumzo. Hasa mpira ukiangukia katika nyasi ndefu zile ziitwazo kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ambazo zimehamia hata California, ambako katika klabu ya Riviera mabingwa wa dunia huzilaumu kwa kunasa fimbo. Mbele ya mlango wangu ziko za namna hiyo, nazo hazijalaumiwa na bingwa yeyote, ila mbuzi wa jirani.

Naona mhariri amenitolea macho, kwamba ukurasa unakwisha na swali la timu sijaligusa. Nimeligusa sana, lakini haya: timu nne za watu wanne, kila moja ipate hodari mmoja na dhaifu mmoja, kwa kufuata handikapu zenu. Hesabuni kwa mtindo wa Frank Stableford, daktari Mwingereza, uliochezewa mashindano mara ya kwanza huko Wallasey mwaka 1932, nami ningalimtangulia kwa wazo hilo kama ningalikuwa nimezaliwa: anayelimaliza shimo kwa mipigo iliyokadiriwa hupata pointi 2, aliyezidisha mmoja 1, aliyepunguza mmoja 3, na aliyezidisha miwili au zaidi huokota mpira wake akaenda zake, wala haandikiwi aibu. Katika kila shimo timu ichukue alama mbili zilizo bora, na wasiosalimiana wawe na alama moja kwa mpira wao. Anzeni asubuhi na mapema, kabla ya mawingu ya alasiri. Kiti cha hakimu kiwe na mto.

Kwa dada wa Kangemi aliyeuliza afanye nini na mtungi wake wa gesi unaovuja: funga valvu, fungua madirisha, usiwashe chochote hata taa, toka nje, mwite fundi. Sifa zangu hukuzitaja popote katika barua yako, kwa hiyo jibu ni hilo tu.