Mwongozo wa Kutazama Maigizo Magoma, Msimu wa Vuli

Ukishuka stendi ya Korogwe Jumamosi asubuhi, ukamwambia bodaboda akupeleke Magoma kwenye maigizo, atakuuliza swali moja la maana: "Ya shuleni au ya mkutano, bosi?" Usicheke, kijana anajua kazi yake. Bonde la Lwengera halina ukumbi wa tamthilia, halina pazia jekundu wala dirisha la tiketi, na bado mtu anaweza kukaa huko wikendi nzima akarudi kwao macho yamechoka. Kinachotakiwa ni kujua pa kusimama, lini upige makofi, na lini mikono ikae mfukoni.

Tuanze na mavazi. Wenzetu wa London huvaa koti la heshima kwenda kumtazama Shakespeare. Wewe vaa buti za mvua. Vuli ikishakolea, barabara ya kutoka Korogwe hugeuka uji, na Noah mliyobanana humo itawaomba mshuke muisukume. Hilo tayari ni onyesho, nalo wenyeji hulitazama bure wakiwa wamekaa pembeni kwenye magogo, wakitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Beba mwavuli. Beba pia noti za elfu moja moja, ngumu, za kujaza mfuko wa shati. Kazi yake utaiona mbele.

Kama wikendi yako imeangukia siku ya gulio, nenda moja kwa moja kwa muuza dawa. Utamtambua kwa spika iliyofungwa kwenye baiskeli na duara alilochora chini kwa fimbo. Ndani ya duara kuna sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa chekundu, na ndani ya sanduku, kwa maneno yake mwenyewe, kuna nyoka. Atamtoa sasa hivi. Ila kwanza, wazazi wangu, shikamooni, tuzungumze kidogo habari za kiuno. Baada ya kiuno atalirudia sanduku, atalikagua, ataligonga kwa kidole, ataruka nyuma kwa hofu, na watoto watapiga mayowe. Halafu minyoo. Halafu nguvu za kiume, ambapo sauti hushuka na wanaume husogea mbele wakijifanya wanasukumwa na watu wa nyuma. Sanduku halifunguliwi. Samuel Beckett aliandika mchezo mzima kuhusu watu wanaomngoja Godot asiyekuja, na mwaka 1969 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Huyu wa kwetu ana nyoka asiyekuja, na anachopewa ni buku mbili kwa chupa.

Usisimame mstari wa mbele ukiwa umevaa miwani. Utaitwa ndani ya duara kwa cheo cha msomi, utashikishwa chupa, kisha utaulizwa kwenye spika, mbele ya umati, unaamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa.

Palepale gulioni kuna onyesho fupi la mkopo. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi: mtu anadhamini mkopo, mambo yanaharibika, mdai anadai ratili ya nyama kutoka mwilini mwake. Kuna wasomi wanaoumiza kichwa namna ya kuuleta mchezo huo katika mazingira ya Kiafrika. Wakae tu karibu na meza za nyanya siku ya marejesho, afisa wa kausha damu anaposhuka kwenye pikipiki na daftari lake. Mama wa nyanya hayupo. Jirani yake hajamwona tangu juzi, tena amesikia ameenda kwa dada yake Mombo. Chini ya meza ya jirani kuna kanga inayopumua. Hapa usipige makofi.

Usiku ni wa ngoma, ukibahatika kupata harusi. Wasambaa wana mdumange, Wazigua wa upande wa Handeni wana selo, na kambi za mkonge ziliongeza mengine. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, na mashamba ya Tanga yakavuta manamba kutoka Kigoma, kutoka Songea, hadi Msumbiji, kila kundi likishuka na ngoma yake. Ndiyo maana huku usishangae kuona sindimba ya Wamakonde inachezwa na mtu ambaye bibi yake ni Msambaa na Newala yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Lakini nisikudanganye: harusi nyingi siku hizi zina maspika marefu na kijana wa kompyuta, na ngoma yenyewe huanza umeme ukikatika. Omba ukatike.

Wala kejeli si ngeni huku. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga na kuingia bara zama za Wajerumani. Watu wa kawaida walivaa kijeshi, wakapiga gwaride kwa tarumbeta, wakapeana vyeo vya Kingi na Gavana. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na karamu za kufilisi. Mkoloni alitazama asijue acheke au aandike ripoti. Aliandika ripoti.

Wazee watakuambia raha yote imekwisha, na wana hoja. Miaka ya 1980 na 1990 kulikuwa na vikundi kama Muungano, na kuanzia 1992 TOT ya Kapteni John Komba, ambapo kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho na taarabu ya mipasho, na ukarudi nyumbani na ugomvi wa kukutosha wiki nzima: nani kamchamba nani. Kisha video ikawameza. Hata King Majuto, mtoto wa Tanga aliyefariki mwaka 2018, alichekesha jukwaani miaka mingi kabla kanda hazijamfikisha kila kibanda cha video. Mwenye kulilia jukwaa lenye taa apande basi la Dar, ashuke Msata, akate kwenda Bagamoyo. Kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na kina tamasha lake. Atapewa kiti, ataambiwa azime simu, na hakuna atakayemwita mbele. Kila mtu na ladha yake.

Mkutano mkuu wa kijiji nao una wapenzi wake. Fika mapema, tafuta mwembe wenye kivuli, vumilia kusomwa kwa mapato na matumizi. Waigizaji wazoefu hawaongei kwenye ajenda hizo. Wanahifadhi sauti kwa ajili ya "mengineyo". Hapo atasimama mzee mmoja, atavua kofia, atawasalimu viongozi kwa unyenyekevu wa kutisha, kisha ataulizia ile pesa ya choo. Aliiulizia mkutano uliopita. Mtendaji atajibu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato. Wote wawili wanayajua maneno yao kwa moyo, na bado wasikilizaji hunyamaza kimya kabisa, kama vile safari hii jibu linaweza kubadilika.

Lakini kama una siku moja tu, nenda mahafali.

Vuli ndiyo msimu wake. Kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo kabla ya hapo kila sekondari ya kata inaaga watu wake. Wakishamaliza hao wanafuata watoto wa chekechea, waliovishwa majoho na kofia za chuo kikuu, wengine wakilia, mmoja akiwa amelala. Chagua sekondari. Kadi ya mwaliko itasema saa tatu kamili asubuhi. Ukifika saa tatu utasaidia kupanga viti. Mgeni rasmi atafika saa saba, naye hatakuwa yule aliyeandikwa kwenye kadi. Atakuwa mwakilishi, na mwakilishi ataanza kwa kueleza kwa kirefu jinsi mheshimiwa alivyotamani sana kuwepo.

Ngonjera ndiyo hufungua dimba. Fani hii ya shuleni inamdai shukrani Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969 na ambaye kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, siku ambazo Azimio la Arusha lilihitaji kuimbwa hadi vijijini. Utaratibu haujabadilika: mjinga na mwerevu wanapokezana beti. Mjinga anabisha, anabisha tena, anatukana kidogo, halafu ghafla, beti ya mwisho, anakubali kila kitu na kuomba msamaha. Mtu mwenye mume mbishi nyumbani huisikiliza ngonjera kwa uchungu.

Kisha igizo. Baba ana ndevu za pamba zilizobandikwa kwa gundi, na kila akifoka ndevu moja inamdondokea kifuani. Binti ni mvulana wa kidato cha tatu aliyefunga kitenge, maana msichana aliyepangiwa kaogopa mama yake asimwone. Bodaboda wa kwenye igizo amekaa kwenye kiti cha darasani, anakipiga stata kwa mguu, mdomo ukiunguruma. Anamnunulia binti chipsi kuku. Umati mzima unaguna "mmh," kwa kuwa kila mtu hapo anajua chipsi kuku zinakoelekea. Na kweli, dakika mbili baadaye binti anarudi na mto chini ya kitenge. Hapo ndipo bodaboda wa kweli, waliojipanga nyuma juu ya pikipiki zao, wanapoanza kupiga kelele: "Siyo sisi hao! Hao ni wa Korogwe mjini!" Igizo linasimama. Baba mwenye ndevu anageuka, anawanyooshea fimbo: "Nyamazeni, nyie ndio mnaokula mabinti zangu!" Maneno hayo hayamo kwenye mchezo, na mwalimu wa Kiswahili aliyeuandika anaweka kiganja usoni, lakini anacheka. Wazazi wanainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza baba. Toa elfu moja yako sasa, nenda ukicheza polepole, muwekee kwenye paji la uso penye jasho. Ukiituma kwa simu utaonekana mshamba.

Hakimu huingia mwishoni, akiwa na joho la kwaya, na kutoa miaka 30 bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Kesi inaweza kukuchekesha, kifungo hakikosei: ndicho kilichowekwa kwenye Sheria ya Elimu kwa marekebisho ya mwaka 2016 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Bodaboda wa nyuma huwa wamenyamaza wakati huo.

Baada ya hapo ni risala. Isikilize kwa makini, ndiyo tamthilia nzito ya siku. "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio tuliyoyapata, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Madawati, maabara, nyumba za walimu, tanki la maji. Mwanafunzi anayesoma hakuiandika, mkuu wa shule anayetazama juu anajifanya ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia, na mwakilishi anaandika kwenye karatasi kwa bidii. Ukichungulia utaona anachora maua.

Sasa angalizo la mwisho, hasa kwa aliyetoka Dar na viatu visafi na simu kubwa. Mshereheshaji amekuona tangu saa nne. Umesogezewa soda kabla ya wengine, kiti chako kimehamishwa kidogo kidogo hadi kikagusa meza kuu, na kuna mtoto aliyekuvisha shada la maua ukadhani ni ukarimu tu. Mwakilishi atakapomaliza kuahidi kwamba atafikisha salamu, kipaza sauti kitageuzwa upande wako, na sauti tamu itasema: "Na mgeni wetu kutoka Dar, wazazi, tumsikie naye anasemaje kuhusu hili tanki." Usikimbie, buti za mvua hazikimbiziki. Simama, shikamoo kwa wazee, sema mifuko mitano ya saruji. Ukisema kumi watakushangilia zaidi, vigelegele vitapigwa na kwaya itakutungia ubeti hapohapo. Sema mitano. Mwalimu wa taaluma ameshaiandika namba yako ya simu kwenye daftari la ahadi, na Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa hana kipindi.