Mnandi Aliyeanika Mbawa

Paliondokea katika mafunjo ya Dunga, kando ya Kisumu, kijiji cha ndege wa kijani na weupe ambao sifa yao ilienea katika kila ufuo, kutoka Port Victoria hadi Muhuru. Mwalimu wao alikuwa Mnandi, mgeni aliyekuja na elimu ya kuzamia pasipo mali nyingine. Tangu miaka ile ya 1990 gugumaji lilipotanda juu ya Ghuba ya Winam, samaki walikuwa hawapatikani kwa kutazama juujuu. Mnandi akawafunza makinda kuzama kwa safu, huyu akimsukumia yule omena, hata msimu wa mashindano ulipofika wakawa hawashikiki.

Mnandi hakuumbwa kama bata. Manyoya yake hulowa, na kulowa huko ndiko kunakomwezesha kuzama. Basi kila atokapo majini hana budi kusimama juu ya jiwe na kutanua mbawa zikauke. Kijiji kilimwona akifanya hivyo siku nenda siku rudi, na hakuna aliyetia neno. Lakini sifa zake zilipovuka ziwa, Kwarara, ambaye kelele zake huamsha mji kabla ya jua, alilia alfajiri moja: "Amezitanua! Mwalimu anaruka!" Kunguru wakaidaka habari wakaipeleka soko la Kibuye, na habari ya Kibuye hairudi ilivyokwenda: jioni ile ikajulikana nchi aendayo, idadi ya samaki aliyoahidiwa, na hata jina la mke wa mfalme atakayempokea.

Hofu yao siidharau, maana ilikuwa na chimbuko. Mwalimu wa zamani, aliyewapitisha msimu mzima pasipo kushindwa hata mara moja, aliufuata mto utokao ziwani pale Jinja hadi nchi unakomwaga maji baharini. Na mwingine baada yake alikwenda kusini kuwafundisha chui weusi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila katika wale wote waliokesha wakiwahesabia walimu safari, sikusikia hata mmoja aliyeuliza walikuwa wakila nini walipokuwa Dunga.

Mnandi alikuwa amekwenda mara tatu kwa Mzee Korongo, mwenyekiti wa baraza, yule mwenye mfuko unaoning'inia shingoni, kudai posho ya samaki aliyoahidiwa. Mara zote tatu alikaribishwa kwa heshima, akakalishwa, akaulizwa: "Mwalimu, tuambie ukweli, unatuacha?" Akajibu, "Mzee, nimekuja kwa ajili ya posho." Baraza likatazamana, likaandika kwamba mwalimu hakukanusha.

Makinda nao wakaacha kuangalia maji, wakawa wanaangalia mbawa. Mwalimu akisema "zama," huyu anamnong'oneza mwenzake. Safu ikavunjika, omena wakapita katikati. Walipopigwa na vijana wa Kendu Bay, ambao mwaka uliotangulia hawakupata hata dagaa mmoja mbele yao, kijiji kilisema moyo wa mwalimu umeshahama. Mnandi, akitaka kuzima maneno, akaanza kuzikunja mbawa zikiwa mbichi. Kwarara akalia tena: "Anazificha!" Baridi ikamwingia kifuani, akapunguza kuzama ili asilowe, na asiyezama hali, wala hana la kumwonyesha mwanafunzi. Ndivyo ndege hodari kuliko wote ziwani alivyokonda mbele ya macho ya kijiji kizima kilichokuwa kikimtazama kutwa kucha.

Siku wajumbe wa mbali walipofika kweli, hawakuuliza habari za safari. Walimwekea ngege wawili, wakamwacha ale, kisha wakamwonyesha jiwe pana linalopigwa na jua. Mnandi alizianika mbawa zake pale Dunga mara ya mwisho, zikakauka vizuri, akaenda zake.

Mzee Korongo, asije akasemwa kuwa hana shukrani, aliamuru karamu ya kumuaga mwalimu ambaye alikwisha kuondoka. Kila nyumba ikatoa. Kabla ya adhuhuri chungu ya samaki ilikuwa imefika kwenye magoti ya mwenyekiti, na mtunza hazina alipoihesabu akakuta imezidi posho yote iliyokuwa ikidaiwa. Kinda mmoja akauliza, "Babu, samaki hawa walikuwa wapi?" Mzee Korongo akamwambia watoto hawasemi barazani, kisha akamwita Kwarara mbele, aeleze ni nani anayetajwatajwa kuwa mwalimu mpya.