Mbio za Kwenda Tabata

Shemeji yangu amefunga koilova kwenye Subaru Impreza yake, zile za kurekebisha ugumu kwa hatua 32. Anazitumia mbili tu: ngumu, na ngumu zaidi. Fundi alimwambia shokamzoba mpya za kawaida na bushi za raba zingetosha. Akatazamwa kama mtu aliyetukana ukoo.

Bushi zenyewe sasa ni za poliurethani. Kwenye uwanja wa mbio zina maana: wishboni haiyumbi, usukani unajibu papo hapo. Huku Tabata kinachojibu ni kila kokoto, tena kwa sauti. Dada yangu siku hizi anapanda daladala. Anasema kuna utulivu.

Halafu gari limeshushwa sentimita 5. Kwa mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, ukishusha mno, wishboni inainuka upande wa gurudumu na bodi inazidi kutaka kulala kwenye kona. Yaani kalipa fedha ili gari likate kona vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani, ila likipigwa picha, mashallah. Magurudumu nayo kayalaza nyuzi 3, juu yakielekea ndani, kama ya mtu anayekata kona mchana kutwa. Yeye huenda kazini moja kwa moja na kurudi. Tairi zinalika upande wa ndani, lawama anapewa muuza tairi.

Jana nikamuuliza uwanja wa mbio uko wapi. Alikuwa analivuka tuta mshazari, kama kaa. Bampa likakwaruza vilevile.

“Shem,” akasema, “gari lazima liwe tayari.”