Saa Kumi na Mbili

Jana jioni niliposhuka daladala hapa Kijenge, nikiwa na mfuko wa nyanya mkononi, kijana mmoja wa bodaboda ambaye kwa miaka yote hii hajapata kunitupia hata neno la salamu aliinuka juu ya pikipiki yake, akaniamkia kwa taadhima iliyopita kiasi, kisha akaniuliza, "Mzee, ni saa ngapi saa hizi?" Wenzake wakainamisha vichwa kama watu walio msibani, ila mabega yao yalikuwa yakitikisika. Hapo nikajua kwamba mpwa wangu amekwisha kuisambaza ile video yangu ya Paje.

Swali la saa halina ubaya kwa mtu ambaye hajafika Paje. Mahali hapo pako pwani ya mashariki ya Unguja, na mwezi wa Julai kusi huvuma huko mchana kutwa kama mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa, ilhali mwamba ulioko mbali huyazuia mawimbi ya bahari kuu, hata maji ya ndani yakawa ya kiunoni na kutulia. Na kwa sababu ya upepo huo na maji hayo watu hutoka Ulaya kuja kusimama juu ya ubao na kuvutwa na tiara. Mimi nilitoka Kijenge, kwa basi na kwa boti, nikiwa na hoja moja tu: kwamba utotoni hapakuwa na mtoto mtaani kwetu aliyeunda tiara ya magazeti, njiti za fagio na gundi ya ugali, akairusha juu kuliko yangu.

Tiara ya Paje si jamaa ya ile. Ukingo wake wa mbele ni mrija mnene unaojazwa hewa kwa pampu, hikima waliyoisajili ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, mwaka 1984, ili ikianguka baharini ielee na kuruka tena badala ya kuzama kama shuka. Kamba zake ni nne, kila moja ina urefu wa mita ishirini na zaidi: mbili za mbele hubeba uzito na kuishia katika kulabu ya mkanda uliofungwa kiunoni, na mbili za nyuma hufika katika ncha za kishikio, nazo ndizo za kuongozea. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Na tiara ikiisha kuanza kukata hewa, mwendo wake wenyewe huzaa upepo mwingine juu ya ule alioumba Mungu, kwa hiyo kadiri inavyokwenda ndivyo inavyopata nguvu ya kwenda, tabia ambayo sijaiona kwa kiumbe mwingine isipokuwa deni. Mtu akiupa upepo mgongo, tiara ikiwa juu ya utosi wake au pembeni kabisa hutulia. Lakini ikiteremka katikati, mbele ya uso wake, hapo ndipo nguvu zote zilipo. Tena kishikio ukikivuta karibu nawe, tiara huzidi kushika upepo, na ukikisukuma mbali hulegea. Yaani salama ya mtu imo katika kuachia, na viungo vyote alivyojaliwa mwanadamu humwamuru ashike.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Ulaya aliyejifunza Kiswahili kwa bidii, na asubuhi ile, ole wangu, nilikuwa nimemsifu kwa ufasaha. Waalimu wa mchezo huu huigawa mbingu kama uso wa saa, na utosini, kwa hesabu ya kwao, ni kumi na mbili. Basi tiara ilipoanza kuyumba, kijana yule alipaza sauti, "Baba, saa kumi na mbili! Saa kumi na mbili!" Nami, niliyelelewa kujua kwamba saa kumi na mbili akrabu ya saa huelekea chini, palepale kuku wanapotafuta pa kulala, niliielekeza tiara chini, mbele ya uso wangu, kwa utiifu kamili.

Sikuanguka. Laiti ningeanguka! Nilitolewa katika maji kama jino, nikapita hewani nikiwa nimekumbatia kishikio kifuani, nikagusa maji kwa goti, nikainuka tena, nikagusa kwa shavu, na kila nilipozidi kushika ndivyo tiara ilivyozidi kunishukuru. Na nyuma yangu sauti iliendelea kunihimiza saa kumi na mbili, nami nikiendelea kutii. Mwisho nilipasua vigingi na kamba za shamba la mwani, nikatulia kifudifudi katika maji yaliyokuwa yakipwa, mafungu ya mwani yakining'inia shingoni, mbele ya nyayo mbili za mwanamke mtu mzima. Husemwa kwamba asili ya shikamoo ni kuishika miguu ya mkubwa wako. Nilikuwa nimeishika. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?" Kisha akatazama nyuma yangu. "Kamba tatu," akasema, bila hasira, kama mtu anayehesabu mvua. "Nimezifunga jana."

Katika Paje na Jambiani mwani umelimwa kwa biashara tangu mwaka 1989, na wanaoulima wengi wao ni wanawake, wakiinama katika maji ya kupwa kufunga mbegu moja moja, ili huko ng'ambo watu wapate dawa ya meno na aiskrimu isiyoyeyuka upesi. Kilo ya mwani mkavu hainunui nusu kilo ya nyama. Jioni ile nililetewa hesabu yangu, nayo ilikuwa kwa dola, katika nchi yangu: mstari wa tiara iliyochanika, mstari wa mashua iliyonifuata, mstari wa fulana ya mpira. Nikauliza mstari wa kamba za mama uko wapi. Nikajibiwa, kwa adabu, kwamba bahari haina hati. Lakini vigingi vile vilikuwapo kabla ya mwenye kunijibu kujua njia ya Paje, na si vigingi vilivyonifuata mimi. Nilimpelekea mama noti zangu mbili za elfu kumi. Akaniuliza kama nimekwisha kula.

Siku ya pili ubao uliniangukia mguuni kabla sijafika majini. Siku ya tatu hapakuwa na upepo, nikalipa.

Basi jana nikasimama mbele ya vijana wale, nikakunja mkono wa shati, nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Nikawaambia saa moja kasorobo.